Nani anamlisha shahidi? Maneno juu ya wafanyakazi wa Lwiro

(Maneno haya yalisemwa Jumamosi jioni katika mazungumzo yetu ya mtandaoni na vijana wa Bukavu, Goma, Uvira, Beni, Butembo, Lubumbashi, na wale ambao vita imewatawanya mbali. Tumeyaandika vile yalivyosemwa, tumeondoa tu salamu na maswali ya mwisho.)



Tangu tulipotangaza kichwa cha mazungumzo ya leo, tumepata swali moja mara nyingi sana. Kila mtu aliliuliza kwa njia yake, lakini ni lile lile: "Watu wanakufa, watu wanalala nje, na nyinyi munatuletea mambo ya makako?"

Swali si baya. Pengine yule aliyeliuliza yeye mwenyewe amelala nje. Kwa hiyo hatulikwepe. Tunaomba tu mutupatie dakika kidogo, tupande pamoja mpaka Lwiro, tuangalie watu wanafanya nini kule, halafu tutarudi kwenye swali lenu.

Lwiro iko katika teritware ya Kabare, kilomita kama 40 na kitu kaskazini mwa Bukavu, ukishapita Kavumu. Wazee wanakumbuka ile mijengo ya Wabelgiji. Mwaka 1947 wakoloni walianzisha shirika la utafiti waliloliita IRSAC, na makao yake makubwa yakajengwa pale Lwiro. Leo ni CRSN, kituo cha Leta cha utafiti wa sayansi. Mwaka 2002, wakati nchi ilikuwa bado imekatwa vipande na vita, ICCN na CRSN walifungua pale kituo cha kutunza sokwe na makako walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Leo kiko na sokwe zaidi ya 100, na makako wa aina nyingi, wao pia zaidi ya 100. Pembeni kabisa ndiyo pariki ya Kahuzi-Biega.

Sokwe, huku mashariki wengine wanamwita sokomutu. Wazee hawakulitunga hilo jina bure.

Sasa, mtoto wa sokwe anafika Lwiro namna gani? Hapa tuseme polepole, juu wengi mjini hawajui. Sokwe mama haachi mtoto wake. Hakuna mtu anayeweza kuingia porini, amchukue mtoto kwenye mgongo wa mama, na mama abaki akiangalia. Ili umpate mtoto, lazima umuue mama, na mara nyingi pamoja na wengine wa jamaa wanaokuja kutetea. Mama anakatwa, anakauka kwa moshi, anauzwa kama nyama. Mtoto hana nyama ya kutosha, kwa hiyo anauzwa akiwa hai. (Katika Kiswahili chetu cha huku neno ni moja tu: nyama ni ile ya porini, na nyama ni ile ya kwenye sahani. Ni jambo la kuwaza siku nyingine.) Kila mtoto munayemwona amefungwa kamba kando ya barabara, nyuma yake kuko maiti. Na watoto wengi wanakufa njiani, hatutawaona hata siku moja.

Yule anayefika, anafika na kamba kiunoni ambayo imeingia ndani ya ngozi. Anafika na chembe za risasi mwilini, juu ile risasi iliyopiga mama ilimgusa na yeye. Anafika na tumbo la kuhara, juu alilishwa mikate na bia kwa kuchekesha watu. Wengine vidole vimekatwa na mtego. Na anafika bila kutaka kula.

Hapo ndipo kazi inaanza. Kwanza karantini: munganga wa wanyama anampima kifua kikuu, minyoo na magonjwa mengine, anaosha vidonda. Halafu anahitajika mtu wa kuwa mama. Mtoto wa sokwe porini ananyonya miaka minne, mitano, na miezi ya kwanza hatoki kabisa kwenye mwili wa mama yake. Ukimweka peke yake ndani ya kizimba na sahani ya matunda, anakufa. Anakufa na huzuni, na munganga hana dawa ya ile. Kwa hiyo mtu anambeba: anapika na mtoto kifuani, anafagia na mtoto mgongoni, anaamka usiku kwa chupa ya maziwa, anaamka tena. Wamama waliolea watoto wao wanajua ni kazi gani. Tofauti ni kwamba huyu ana meno.

Akikua, wanamfundisha kuwa sokwe pamoja na sokwe wengine, na hapo mlezi anaanza kujitoa kidogo kidogo. Ni kazi ya ajabu: ukiifanya vizuri, yule uliyemlea anafika siku ambayo hakuhitaji tena. Anakaa na wenzake, anapigana nao, anapata rafiki na adui wake. Wewe unabaki mtu wa upande wa pili wa fito, mwenye kuleta ndizi.

Tena si ndizi tu. Jaribuni kuwaza jikoni ya vinywa zaidi ya 200, kila siku ya Mungu, Noeli na siku ya maandamano ndani yake. Kuna wenye kuchemsha uji, wenye kukata viazi na maboga, wenye kwenda kutafuta majani, wenye kuosha vizimba kila asubuhi. Kuna maseremala na watu wa umeme, juu uzio ukikosa nguvu, sokwe anajua mbele ya mtu. Kuna walinzi wa usiku. Na nje ya kituo kuna wamama wa mashamba ya Kabare wenye kubeba ndizi, miwa na karoti mgongoni. Wao hawaandikwi kwenye orodha ya wafanyakazi, lakini bila wao hakuna chakula cha mchana.

Na hatari. Sokwe mkubwa ana nguvu ambayo hakuna kijana hapa anaweza kushindana nayo, hata yule bingwa wa gym tunayemjua sisi wote. Kidole kikipita kwenye fito, kidole kimeenda. Mlango unafungwa, unaangaliwa, mtu wa pili anakuja kuangalia tena. Magonjwa nayo yanapita kwa njia zote mbili: mafua ambayo kwako ni siku mbili za kupiga chafya, kwa sokwe yanaweza kuua kundi. Ndiyo maana wanavaa kashnee tangu zamani, mbele ya Covid. Ndiyo maana mtunzaji mwenye kukohoa haingii kazini.

Ni sheria nzuri. Lakini sisi ni watu wa kuuliza maswali, na tunauliza hili kwa kila kituo cha namna hii katika nchi, hatusemi juu ya kimoja: mtu wa kibarua akikaa nyumbani sababu ya mafua, ile siku inalipwa na nani? Akiumwa na mnyama, hospitali inalipwa na nani? Yuko na kontra? Anaandikwa CNSS? Sindano ya pepopunda, ya homa ya ini, aliipata? Mtoto wa sokwe anapimwa kifua kikuu, vizuri kabisa. Yule mama mwenye kumbeba, yeye anapimwa mara ngapi kwa mwaka?

Ndugu zetu, dunia inapenda picha. Munaikumbuka ile selfi ya Rumangabo, mwezi wa nne 2019: mlinzi wa pariki mbele, na ngagi wawili wamesimama nyuma kama watu. Ni Ndakasi na Ndeze, mayatima wa mwaka 2007, waliolelewa katika kituo cha Senkwekwe. Picha ilizunguka dunia yote kwa siku chache. Mwaka mmoja nyuma yake, tarehe 24 mwezi wa nne 2020, karibu na Rumangabo ile ile, watu wenye silaha waliua walinzi 12 wa Virunga, dereva mmoja na raia wanne. Muulize mtu wa ng'ambo, muulize hata mtu wa Kinshasa: ile picha anaijua. Jina moja tu la wale 17, hana.

Tena mwaka 2021, mwezi wa tisa, Ndakasi alikufa na ugonjwa. Alikufa mikononi mwa André Bauma, mtu aliyemlea tangu akiwa wa miezi miwili. Siku ile dunia iliona kwa mara ya kwanza kwamba nyuma ya ngagi kuna mtu. Ilimwona kwa wiki moja hivi.

Sasa turudi kwenye swali lenu: watu wanakufa, na nyinyi munaleta makako.

Jibu letu la kwanza ni kuangalia barabara. Yule mtoto wa sokwe ametoka wapi? Mara nyingi anatoka pahali ambapo mtu ana bunduki na hakuna mwenye kumuuliza. Anatoka karibu na mashimo ya koltani na kasiteriti, ambako wachimbaji mamia wanakaa porini bila shamba, bila ng'ombe, na lazima wale. Mwaka 2000 na kitu, bei ya koltani ilipopanda, ni hivyo tembo na ngagi wa Kahuzi-Biega walivyoliwa. Mfuko wa koltani na mtoto wa sokwe vinashuka kwa njia moja. Vinapita barieri zile zile. Wanaolipwa ili wafunge macho ni wale wale. Na bunduki iliyoua sokwe mama ni bunduki ya vita: jana ilikuwa kwenye mlango wa mtu, kesho itarudi pale.

Jibu la pili ndilo lililotufanya tuite mazungumzo haya. Mnyama anapofika kituoni, mtu anafungua daftari. Anaandika tarehe. Anaandika alitoka wapi, nani alimleta, alikuwa na vidonda gani, kamba ya namna gani, alikuwa na umri gani. Kazi ya karani, haina picha. Lakini waza kwamba imefanyika tangu 2002, mwaka kwa mwaka. Ile daftari ni nini basi? Ni ramani ya uhalifu wa porini wa miaka zaidi ya 20. Kila ukurasa ni dosye ambayo tribinali ingepaswa kufungua. Na ushahidi upo, uko hai, unakula uji saa ya asubuhi.

Sheria nayo ipo. Kongo ilitia mkono kwenye mkataba wa CITES tangu 1976. Tuko na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya kulinda maumbile, yenye kuadhibu kuua na kuuza wanyama wanaolindwa. Sokwe analindwa kabisa kabisa, hakuna leseni ya mkubwa fulani. Sasa hesabuni wenyewe: mayatima zaidi ya 100 katika kituo kimoja tu. Mumesikia kesi ngapi? Wachuuzi wangapi walihukumiwa Bukavu, kwa jina, mbele ya watu? Mara nyingi mambo yanaenda hivi: mnyama anakamatwa, wanapiga picha, mkubwa anasimama pembeni na suti yake, mtoto anapelekwa Lwiro, na yule mwenye kuuza anarudi nyumbani. Leta inanyang'anya, halafu inasahau. Wanaobaki na mzigo ni wale wamama na wababa wa Kabare.

Mzigo wa muda gani? Hapa kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Sokwe aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40, hata 50. Yule aliyefika mwaka 2005 akiwa na mwaka mmoja, anaweza kuwa hai bado mwaka 2050. Mlezi aliyemchukua akiwa kijana wa miaka 25 atakuwa na miaka 70. Sasa, feza za kumlisha zinatoka kwa wafadhili wa ng'ambo, kwa mipango ya mwaka mmoja, miwili. Mnyama wa miaka 50, kontra ya mwaka mmoja. Na kila serikali ikibadilika kule mbali, kila moyo wa mfadhili ukichoka, mtu wa Lwiro analala akiwaza mwezi ujao. Tunawashukuru wale wenye kutoa. Bila wao wanyama wangekufa zamani. Lakini ICCN ni ya nani? CRSN ni ya nani? Ni za Leta. Nyumba ni yako, watoto uliwaokota wewe, na chakula unaacha jirani alete, kila siku, miaka 20 na kitu. Katika mtaa wetu mtu wa namna hiyo hatumwiti baba.

Kuna watakaosema: basi warudisheni porini, kazi iishe. Haiko rahisi hivyo. Sokwe aliyezoea watu hawaogopi watu. Ukimfungulia atashuka shambani kwa mama fulani, na mmoja kati yao atakufa. Lazima pori lenye usalama, lenye chakula, lenye nafasi, na lazima miaka ya matayarisho. Tulipata habari njema moja mwaka 2024: mwezi wa kumi, ngagi wanne majike waliolelewa katika kituo cha GRACE, kule Kasugho, teritware ya Lubero, walipelekwa mlima Tshiaberimu ndani ya Virunga, ambako ngagi wa mwisho walikuwa wamebaki chini ya 10. Walikuwa mayatima wa wachuuzi, kila mmoja kwa njia yake, na watu wetu wa Kasugho waliwalea miaka mingi. Vijana wa Butembo na Lubero, hii ni kazi ya majirani zenu, na dunia ilipiga makofi. Nyinyi mulipiga?

Lakini mambo ya hatari yanabadilika sura pia. Wale wa Lubumbashi wanajua tunachotaka kusema. Mwezi wa tisa 2022, usiku, watu waliingia kituo cha J.A.C.K. wakaiba watoto watatu wa sokwe. Halafu wakatuma ujumbe kudai feza, sawa vile wanavyofanya wakiteka mtoto wa mtu, na wakatisha familia ya wenye kituo. Utekaji wa kuomba feza, ambao sisi huku tunaujua kwenye barabara ya Rutshuru, umefika kwa sokwe. Wenye kituo walikataa kulipa. Waliona kwamba wakilipa mara moja, hakuna kituo Afrika kitakacholala tena. Tuwaze pia juu ya mlinzi wa usiku wa kituo kama hicho siku iliyofuata, aliporudi kazini na tochi yake.

Na vita. Tarehe hizo hatuna haja ya kuzifundisha kwa yeyote hapa. Mwezi wa kwanza 2025 Goma. Tarehe 14 mwezi wa pili uwanja wa ndege wa Kavumu, halafu Bukavu, mikononi mwa M23. Banki zikafungwa, feza haikuonekana, barabara zikawa bahati nasibu. Lwiro iko kando kidogo tu ya Kavumu. Sisi tulikimbia, au tulijificha, au tulibaki ndani na simu imezimwa. Kila mmoja alifanya vile alivyoweza, na hakuna wa kumhukumu mwenzake. Sokwe ndani ya kizimba hawezi kukimbia. Saa ya uji ikifika anapiga kelele, hata kama risasi zinalia. Ilifaa kuwe mtu wa kufungua jikoni, na kazi ya kule iliendelea. Mtu aliacha watoto wake nyumbani Kabare, asubuhi, siku za namna ile, akaenda kukata viazi. Hakuna amri iliyomtuma. Kinshasa ilikuwa mbali, na wenye silaha hawakumwajiri.

Sisi katika harakati yetu tunapenda kusema neno "raia". Tunaliandika kwenye tishati. Wale hawakuliandika popote.

Tuseme pia jambo lenye kuuma, juu ukweli wa nusu hautusaidii. Pariki ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970, na katika miaka ile Batwa walifukuzwa kwenye pori lao bila kulipwa, bila kupewa ardhi nyingine. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa: Leta ya Kongo iliwavunjia haki. Kwa hiyo mtu wa Kabare au wa Kalehe akisikia neno "kulinda wanyama", pengine anasikia "kufukuzwa". Tusimcheke. Mtunzaji wa Lwiro yeye mwenyewe ni jirani wa watu wale, pengine ni mkwe wao, na anabeba ile hasira kila siku akirudi nyumbani: kwao anaonekana mtu wa pariki, pariki inamwona mtu wa kibarua. Tunachosema sisi ni kwamba kazi hizi ziwafikie Batwa pia, kwa kontra, kwa jina kamili. Hakuna watu wanaolijua lile pori kuwapita. Na uamuzi wa 2024 utimizwe, usibaki karatasi.

Basi tunataka nini? Tunataka ICCN na wizara ya mazingira watangaze, kila mwaka, wanyama wangapi walinyang'anywa, wapi, na dosye ngapi zilifika tribinali. Hesabu mbili zisimame pembeni moja kwa nyingine, watu waone wenyewe pengo. Tunataka Leta iweke kwenye bajeti yake chakula na mishahara ya vituo ambavyo ni vyake, na ile bajeti itoke kweli, juu wote tunajua bajeti za nchi hii: zinapigiwa kura, halafu zinapotea kati ya Kinshasa na hapa. Tunataka kila mtunzaji, wa jikoni na wa usiku ndani yake, awe na kontra, bima ya ajali na kupimwa afya. Na daftari zile za kupokea wanyama zinakiliwe, nakala zihifadhiwe pahali pa usalama nje ya mkoa. Ofisi zetu ngapi zimeungua na kuporwa? Ushahidi wa miaka 20 usiishie kufungia karanga sokoni.

Na wewe kijana mwenye simu, tuongee kidogo. Ile video ya mtoto wa sokwe amevaa pampersi, anakunywa Fanta, watu wanacheka. Uliiona. Pengine uliituma kwenye grupu. Yule mwenye kuuza anahesabu ile cheko. Ni tangazo lake la bure. Usiitume tena. Na ukikutana naye kwa macho yako, njiani au kwenye kiwanja cha mtu mkubwa, usimnunue. Tunajua utasikia huruma, tunajua utasema "nitamnunua nimpeleke Lwiro mwenyewe". Feza yako itarudi porini kununua risasi nyingine, na wiki ijayo atashuka mtoto mwingine. Usijibizane na mwenye silaha, hatutaki shujaa wa kuzika. Shika kichwani pahali, saa, rangi ya gari, namba yake. Toa habari kwa watu wa ICCN au kwa kikundi cha harakati karibu na wewe, bila kuandika jina lako mtandaoni.

Halafu, na hapa ndipo wengi wanachoka, rudi nyuma ya wiki mbili. Uliza: PV ni namba ngapi? Dosye iko kwa nani? Mtuhumiwa aliachiliwa na nani, kwa karatasi gani? Kama wewe huwezi kuuliza pale ulipo, sababu ya wale wenye kutawala pale kwa sasa, tutumie, tutauliza sisi kutoka pengine. Tunaanza na visa vitatu ambavyo wenzetu walituletea tayari. Jumamosi ijayo, saa ile ile, tutawaambia majibu tuliyopata, au mlango gani ulifungwa mbele yetu.